Rivyu: uwanja wa gofu mtamu, karatasi ya mavazi imechoka

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini: nyota tatu kati ya tano. Uwanja peke yake ungebeba tano bila ubishi, ila mbili nimezikata kwa sababu ya karatasi moja tu iliyobandikwa pale mapokezi, kanuni za mavazi, na rivyu hii karibu yote ni ya hiyo karatasi maana vingine kiukweli havina shida. Jina la klabu silitaji na sidhani hata lina umuhimu, karatasi kama ile iko kwenye klabu za gofu kibao duniani, ukifuta nembo ya juu ukaweka nyingine hakuna atakayegundua.

Ya uwanja niyamalize fasta. Mashimo 18, feawei (njia za nyasi fupi za kuelekea shimoni) pana zinazomhurumia mtu wa hendikapu kubwa kama mimi, yaani asiye mkali, grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, zimekatwa vizuri mpira unaenda unakoutuma, mchanga wa bunka (mashimo ya mtego) haujagandana, kedi wanaokubebea begi wanasoma mteremko na hawakusifii uongo. Kundi la mbele likichelewa linakupisha lenyewe bila kununa. Vyoo visafi. Hapo sina neno.

Sasa karatasi. Shati liwe na kola na lichomekewe. Suruali iwe ya kitambaa au kadeti, jinzi hapana hata iwe ya rangi gani. Kaptura iwe ya heshima, ifike karibu na goti, isiwe na mifuko ya pembeni. Fulana hapana, trakisuti hapana, taiti hapana, hudi (sweta lenye kofia) hapana. Kofia isigeuzwe nyuma mbele, na ukiingia ndani uivue. Viatu usibadilishie kwenye maegesho ya magari. Halafu kwa wanawake wameandika blauzi isiyo na mikono ni ruksa mradi iwe na kola, na sketi isiwe fupi "kupita kiasi", na hapo wameishia, kiasi cha nani hawajasema.

Kwenye kundi letu kulikuwa na jamaa mgeni wa mchezo, ndo kwanza ameanza kuupenda, amejikamua kanunua viatu vya gofu, suruali ya gofu, glavu, kila kitu, ila juu kavaa fulana nyeusi ya kawaida, safi, imepigwa pasi, haina maandishi yoyote. Kijana wa mapokezi akamwambia kwa upole tu, "samahani kaka, bila kola sitaweza kukuruhusu, ila duka letu lina mashati ya polo". Jamaa akanunua polo maana atafanyaje, keshalipia na watu wanamsubiri. Tunafika tii ya kwanza, pale pa kuanzia kupiga, tunamkuta mwanachama kavaa suruali ya njano ina ndege wa rangi ya waridi kuanzia kiunoni mpaka kwenye kisigino, na huyo yuko sawa kabisa kisheria, kola anayo, suruali ni ndefu, kachomekea. Mi sina ugomvi na wale ndege, walinichekesha na yule mzee alikuwa mcheshi kweli. Ila niambie, kama lengo la kanuni ni unadhifu na utulivu wa macho, hiyo kanuni imefanya kazi gani asubuhi ile? Hata kwa mastaa ni vilevile, mchezaji wa Marekani John Daly miaka na miaka anavaa suruali ambazo ukizitazama sana unaumwa kichwa, na bado kwa klabu nyingi angepita mlangoni wakati fulana nyeusi isiyo na kitu inarudishwa.

Tena kingine, kwenye hilohilo duka lao hudi zenye nembo ya klabu zilikuwa zimetundikwa zinauzwa. Karatasi inasema marufuku, hatua kumi mbele wanakuuzia. Nilimuuliza dada wa duka akacheka akasema hizo ni za kuvaa nyumbani. Haya.

Watu wengi wanadhani hizi ni sheria za gofu. Siyo. Sheria za gofu zinatungwa na R&A kwa kushirikiana na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia mchezo huu duniani, na mle ndani utakuta mambo yote, fimbo zisizidi 14, mpira ukiingia majini ufanyeje, ukitetemeka ukagusa mpira kwenye grini inakuwaje, lakini kola haimo. Kinachoruhusiwa ni kamati ya mashindano au klabu kujiwekea kanuni zake za mwenendo, kwa hiyo mavazi ni uamuzi wa watu fulani waliokaa kikao. Na ukirudi nyuma mpaka sheria za kwanza kabisa zilizoandikwa, zile 13 za Edinburgh za mwaka 1744, nazo zinahangaika na mpira tu, kuna hadi inayosema tii yako iwe ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye shimo, leo ukifanya hivyo utafukuzwa kwa kuharibu grini. Yaani zile sheria zenyewe za mchezo zimebadilika mpaka hazitambuliki ila shati ndo tunaambiwa lisiguswe.

Na hilo shati lenyewe jamani lina historia. Ukiangalia picha za kina Old Tom Morris, mcheza gofu maarufu wa Uskoti wa karne ya 19, utaona watu wanapiga gofu na koti zito la sufu, kizibao ndani, tai, ndevu mpaka kifuani. Polo tunayoiita ya heshima leo ilitoka kwenye tenisi, Mfaransa René Lacoste, mchezaji tenisi, alianza kuivaa miaka ya 1920 kwa sababu alichoka kucheza na mashati ya mikono mirefu ya kupiga pasi, akataka kitu chepesi cha mikono mifupi, na kola ile laini ukiisimamisha inakukinga shingo na jua. Ilikuwa nguo ya mwanamichezo aliyeamua kustarehe. Kwa hiyo anayekuambia kola ni mila ya tangu enzi, muulize enzi zipi, maana kuna wazee wa koti na tai ambao wangemuona yeye na polo yake kama mtu aliyetoka kitandani.

Nikiri kola ina kazi, ya jua. Ukicheza masaa manne matano nje shingo inaungua kweli. Lakini kama ni jua basi hudi yenye kofia ingepewa zawadi, na shati la shingo ndefu lisilokunjwa pia. Tiger Woods aliposhinda Masters, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, mwaka 2019, akiwa na miaka 43, koti la kijani la tano (ndilo anavikwa mshindi), alikuwa kavaa nyekundu yake ya shingo fupi ya kusimama, haina kola ya kukunja hata kidogo. Pale ni Augusta, klabu ya Marekani inayoandaa Masters, mahali ambapo hata kukimbia watazamaji wanakatazwa. Sasa niambie klabu yenye karatasi iliyoandikwa "kola" ingemfanyia nini, ingemwelekeza dukani?

Sitaki mtu aseme Augusta wamelegea, hapana, kwenye Masters ya mwaka 2024 mchezaji Jason Day alivaa kizibao chenye maandishi makubwa mbele akaombwa akivue, akakivua. Na hapo mi naielewa Augusta kuliko naielewa karatasi yetu, maana walijua wanachokataa ni nini, hawakutaka mtu ageuke bango. Unaweza ukabisha ila angalau kuna jambo la kubishania.

Ngoja nitoe sifa inapostahili. Kuhusu viatu karatasi inasema njumu za chuma haziruhusiwi, soli ziwe za plastiki laini au zisizo na meno. Hiyo maksi zote. Zamani viatu vya gofu vilikuwa na misumari ya chuma, inachimba grini, halafu anayekuja nyuma mpira wake unaruka kwenye vitobo ulivyoacha wewe, na ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 klabu zikaanza kuikataa mpaka leo karibu imepotea. Ona hiyo kanuni ilivyo: inalinda nyasi, inamlinda mchezaji mwenzako, ukiulizwa kwa nini unajibu kwa sentensi moja na hata mtoto anaelewa. Viatu vya wazi pia wamekataza, na hapo pia nakubali, fimbo inazungushwa, mpira ni mgumu, vidole vyako unavihitaji.

Sasa chukua kipimo hichohicho upeleke kwenye mengine. Jinzi inamdhuru nani? Ikilowa inakuwa nzito, sawa, ila uzito anaubeba aliyeivaa. Mifuko ya pembeni ya kaptura inamdhuru nani, tena kwenye gofu ambako una mipira, tii, penseli, kadi ya maksi, kifaa cha kurekebishia grini, mifuko si ndo inatakiwa? Iliwahi kuripotiwa kwamba hata Michael Jordan, nyota wa kikapu, alisumbuliwa kwenye klabu moja ya Miami mwaka 2012 kwa sababu ya mifuko hiyo, Michael Jordan jamani. Kofia kugeuzwa nyuma inamdhuru nani zaidi ya pua yako mwenyewe itakayoungua? Kubadilisha viatu kwenye maegesho ndo sielewi kabisa, unakaa kwenye buti la gari lako dakika mbili unafunga kamba, kosa liko wapi. Wengine wanasema inapunguza hadhi ya mandhari. Mandhari ya maegesho.

Cha ajabu ni kwamba wanaocheza kwa kulipwa, ambao ndo sura ya mchezo, wao wamekuwa wakilegeza polepole. Kedi wa PGA Tour, ziara ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, waliruhusiwa kaptura mwaka 1999 baada ya mmoja wao kuanguka kwenye joto kali, yaani ilibidi mtu aanguke kwanza. Ziara ya Ulaya ikaruhusu wachezaji wavae kaptura siku za mazoezi na raundi za kucheza na waalikwa mwaka 2016, PGA Tour nao wakafuata 2019, LIV, ligi mpya inayoshindana nao, mwaka 2022 wakaruhusu hata kwenye mashindano yenyewe. PGA Tour siku ya mashindano bado ni suruali ndefu, sawa, ila hakuna aliyeona grini imenyauka kwa sababu ya magoti ya mtu.

Na ile ya hudi mnaikumbuka. Oktoba 2020 Mwingereza Tyrrell Hatton akashinda BMW PGA Championship pale Wentworth, Uingereza, moja ya mashindano makubwa kabisa ya Ulaya, kavaa hudi. Watu badala ya kujadili alivyocheza wakajadili nguo wiki nzima, na kuna klabu ilitoa tangazo kuwakumbusha wanachama na wageni kwamba kwao hudi bado marufuku hata kama bingwa kavaa. Hudi ile ilitengenezwa kwa ajili ya gofu, kitambaa kinavutika, haibani mabega ukizungusha fimbo. Mmarekani Payne Stewart mwaka 1999 pale uwanja wa Pinehurst alikata mikono ya koti lake la mvua kwa mkasi kabla ya raundi ya mwisho kwa sababu ilikuwa inambana kwenye swingi, akashinda US Open. Na huyo ndiye alikuwa anajulikana kwa kuvaa kizamani kabisa, suruali za kuishia chini ya goti na soksi ndefu na kofia bapa. Alipenda kupendeza, ila nguo ilipogombana na swingi alijua nani apishe.

Upande wa wanawake ndo kanuni zinachosha zaidi. Mwaka 2017 LPGA, ziara ya wanawake wa kulipwa, walitoa kanuni mpya, shingo isifunguke sana, fulana za mgongo wazi lazima ziwe na kola, taiti isivaliwe bila sketi au kaptura juu yake, sketi ifunike hata ukiinama, ukikosea faini dola 1,000 na inaongezeka mara mbili ukirudia. Kulikuwa na kelele nyingi. Mi naona tofauti moja, angalau wao waliandika waziwazi, sketi ifunike ukiinama, mtu anajipima nyumbani. Karatasi yetu inasema "kupita kiasi" halafu inamwachia mtu wa mapokezi amwangalie mama wa watu miguuni aamue. Hivi nani anataka hiyo kazi? Na dada anayevaa hijabu, mikono mirefu, taiti ndefu na gauni fupi juu, anaingia fungu gani kwenye karatasi inayokataza taiti na inayosema vazi la kichwani livuliwe ndani? Niliuliza, nikaambiwa "hilo halina shida, tunaelewa". Sasa kama mnaelewa andikeni, kwa sababu dada mwenyewe akisoma akiwa nyumbani atajua hatakiwi, na hatakuja, na ninyi hamtajua kama kuna mtu hakuja.

Tukumbuke pia hizi kanuni zimerithiwa kutoka wapi. Augusta National walipokea wanachama wanawake wa kwanza mwaka 2012, klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Uskoti, wakapiga kura kuwakubali 2014, Muirfield, nayo ya Uskoti, mpaka 2017. Siyo zamani hiyo, simu uliyonayo mkononi ina karibu umri huo. Kanuni ya mavazi ya wanawake iliyoandikwa na kikao kisicho na mwanamke itakuwaje kama siyo ya kubahatisha.

Kuna hoja za upande wa pili na siyo zote za kupuuza. Moja ni kwamba ni klabu yao, wanalipa ada, wakitaka wote wavae zambarau ni hiari yao. Kweli, na kama mngekuwa mnacheza wenyewe kwa wenyewe nisingeandika hapa. Ila mkishapokea wageni wanaolipa, mgeni ni mteja, na mteja anatakiwa ajue masharti kabla hela haijatoka, siyo akiwa amesimama kaunta na begi begani. Kwenye ukurasa wao wa kuweka nafasi nilitafuta hizo kanuni, zipo, ila zimefichwa ndani ya faili la kupakua chini kabisa baada ya masharti ya vigari. Hili peke yake lingerekebishwa malalamiko mengi yangekufa.

Hoja ya pili ni kwamba ukiruhusu fulana kesho watakuja na singlendi na kandambili. Hii siinunui. Kuruhusu kimoja si kuruhusu vyote, kwani walipoachana na tai watu walianza kuja vifua wazi? Andika unachokataa kwa sababu unayoweza kuisema mdomoni: viatu vya kufunika mguu visivyochimba, kifua kifunikwe, nguo isiwe chafu wala isiwe na maandishi ya matusi. Mistari miwili. Vingine mwachie mtu na kioo chake.

Ya tatu ndo ninayoiheshimu, kwamba mavazi yanaleta uzito fulani, mtu akivaa vizuri anajiheshimu na anauheshimu uwanja, anarudisha nyasi aliyoichimba, anasawazisha bunka. Mi mwenyewe nachomekea, nina polo zangu nazipenda, nikivaa najisikia niko kwenye gofu siyo naenda dukani, sitaacha hata wakiruhusu pajama. Lakini siku ileile yule jamaa wa fulana nyeusi, ndani ya polo yake ya kununuliwa kwa shinikizo, alisawazisha kila bunka aliyoingia na aliingia nyingi, wakati kundi la mbele yetu, kola tupu kola tupu, waliacha nyayo mchangani kama tembo wamepita. Adabu ya uwanjani inafundishwa, na klabu ile haina hata kibao kimoja cha kumfundisha mgeni kurekebisha alama ya mpira kwenye grini. Ukuta wote wa mapokezi umetumika kwa nguo.

Kitu kilichonikera kuliko karatasi yenyewe ni utekelezaji. Mchana tumemaliza tumekaa kwenye baraza, kaingia mtu anajulikana na kila mmoja, shati nje, kofia kichwani, anasalimia meza zote. Hakuna aliyemwambia kitu, na mi wala sitaki aambiwe, mwacheni apumzike. Ila yule kijana wa mapokezi aliyekuwa na ujasiri wa kumsimamisha mgeni asubuhi alikuwa hapohapo, aliona, akainamisha macho kwenye kompyuta. Siwezi kumlaumu kijana, ajira yake iko mikononi mwa haohao. Kanuni inayomkamata asiyejulikana tu ndiyo inayofanya watu waone gofu ni ya kina fulani, na vijana wanaoanza wakikutana na hilo siku ya kwanza wanaenda kwenye viwanja vya wazi visivyouliza nguo au wanaenda kurudia mpira wa miguu.

Siyo gofu peke yake lakini. Desemba 2024 Magnus Carlsen alijitoa kwenye mashindano ya dunia ya chesi ya haraka kwa sababu alivaa jinzi, akapigwa faini, akaambiwa akabadilishe akakataa siku hiyo, siku chache baadaye shirikisho likalegeza na akarudi kucheza. Wimbledon nao, mashindano ya tenisi ambako lazima uvae nyeupe, mwaka 2023 waliwaruhusu wanawake kuvaa kaptura za ndani za rangi iliyokoza kwa sababu ya hofu ya siku za hedhi, jambo lililopaswa kueleweka miaka mingi nyuma. Weupe umebaki na hakuna aliyekufa. Hivyo ndo kukarabati kulivyo, unaondoa kinachomuumiza mtu, unabakiza unachokipenda.

Niliwaandikia kamati, walijibu kwa heshima kwamba hoja itapelekwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Mkutano ukishapita nitarudi kuhariri rivyu.

Mpaka hapo, kama unaenda: polo, na ichomekee hata kama tumbo linakataa. Kadeti au suruali ya gofu. Hudi iache kwenye gari, kizibao cha zipu kinaruhusiwa na kinafanya kazi ileile. Viatu vibadilishie chumba cha kubadilishia nguo, kiko kulia ukiingia, kisafi na makabati yanafunga. Lile faili la kanuni lipakue kabla hujalipa. Na mkanda, usisahau mkanda, haujaandikwa popote kwenye karatasi ila kuna mtu wa kundi la nyuma yetu aliulizwa uko wapi.